Difu Nayo Hupumua

Mtu akija kutazama gari la kununua hapa Kigoma, anaanzia mbele. Anafungua boneti, anasikiliza injini, anachungulia moshi wa eksozi, halafu anayapiga matairi teke kana kwamba yamemkosea. Akiwa mjuzi kidogo atauliza habari za giaboksi. Difu haulizi. Difu iko chini huko, imening'inia katikati ya ekseli kama boga la chuma, imejaa matope, wala haina taa ya kuisemea kwenye dashibodi. Ndugu msomaji, leo nataka kuisemea mimi, maana mwaka 2014 boga hilo liliikalisha familia yetu kikao, na kikao chenyewe hakikuwa cha mchezo.

Nieleze kwanza difu ni mdudu gani, kwa faida ya mwenzangu ambaye hajawahi kulala chini ya gari. Gari linapokata kona, gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingeburuzwa. Difu huyaachia yapishane mwendo huku yote mawili yakiendelea kusukumwa. Ndani yake mna gia kubwa ya mviringo iitwayo krauni, na gia ndogo, pinioni, inayoletewa mzunguko na propela kutoka kwenye giaboksi. Propela imelala kwa urefu wa gari, ekseli kwa upana. Krauni na pinioni ndizo zinazougeuza mzunguko ule uende magurudumuni. Pikapu ya kawaida ina difu moja. Gari la foowili lina mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila moja inaogelea kwenye oili yake.

Letu lilikuwa Land Cruiser pikapu, ile ambayo watu huiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, akalipeleka njia ambayo wenye magari mazuri hawaitaki: Ujiji, Simbo, Ilagala, unavuka Malagarasi kwa kivuko, kisha kusini kando ya ziwa kuelekea Kalya. Kwenda alibeba sukari, sabuni na saruji. Kurudi alibeba dagaa, migebuka mikavu, madumu ya mawese, na mgonjwa kama yupo, na njia ile mgonjwa hakosekani. Baba alifariki mwaka 2013. Baba Mdogo akashika usukani msimu mmoja wa mvua. Mwaka uliofuata mdogo wangu wa kike akapata nafasi chuo cha uuguzi, na Mama akasema gari liuzwe, madeni ya matibabu ya Baba yalipwe, ada ipatikane. Ndipo tulipoanza kusikia mlio.

Ulikuwa mlio wa kuvuma, vuuu, ukianzia spidi ya hamsini na kupanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Baba Mdogo akasema ni matairi. Tukalipeleka kwa fundi wa Ujiji ambaye Baba alimwamini, mzee ambaye gereji yake ni kivuli cha mwembe, na Ujiji miembe haikosi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

Hakugusa spana. Alipanda, akamwambia Baba Mdogo aendeshe kidogo, akafumba macho kama mtu anayesikiliza taarabu. Waliporudi akasema: "Tairi hulia kufuata barabara. Ukitoka kwenye changarawe ukaingia kwenye lami, sauti inabadilika. Hii inafuata mguu wako. Ukikanyaga inalia hivi, ukiachia inalia vile. Hiyo ni difu, tena ya nyuma."

Nikamtazama anavyofanya, na ninakuandikia kama nilivyoona. Gari lilisimamishwa mahali tambarare, oili ikiwa bado ya moto, kwa sababu oili ya moto hutoka upesi na hutoka na uchafu wake. Difu ina nati mbili: ya juu kidogo, ubavuni, ni ya kujazia, ya chini kabisa ni ya kumwagia. Fundi alianza na ya juu. Nikamuuliza mbona anajaza kabla hajamwaga. Akacheka. "Ukimwaga kwanza, halafu hii ya juu ikagoma kufunguka, utajazia wapi? Gari lako litakuwa banda la kuku hapa." Ya juu ilipolegea ndipo akafungua ya chini, ndoo ikiwa tayari.

Kilichotoka hakikuwa oili. Kilikuwa chai ya maziwa.

Oili ya difu iliyo nzima ina rangi ya asali, na ikizeeka huwa nyeusi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji, nayo maji hayalainishi jino la gia; yanalipa kutu na kuila beringi. Fundi akachukua ile nati ya chini, ambayo ina sumaku, akaipangusa kwa kidole. Ute mweusi laini kama wanja ni kawaida, akasema, hata difu nzima hutoa wanja. Lakini katikati ya wanja mlikuwa na vipande vidogo bapa vinavyometa kama magamba ya dagaa. Hivyo si kawaida. "Beringi ya pinioni imeanza kumomonyoka," akasema.

Baba Mdogo akang'aka: "Maji yameingiaje, mzee? Gari hili lina mkonga!"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Mkonga ni pua ya injini, basi. Difu nayo hupumua, na ina pua yake, kitundu kidogo chenye kifuniko juu ya ekseli, chini kabisa kwenye matope. Gari likitembea, difu inapata joto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka kupitia kipumulio hicho. Sasa lichukue gari hilo lenye joto, liingize kwenye kijito cha maji baridi. Difu inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na difu inavuta pumzi. Ikivuta ikiwa ndani ya maji, inakunywa maji. Na kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, kama cha kwetu kilivyokuwa, inayavutia maji kwenye sili za ekseli. Injini ilikuwa inapumua juu ya paa, salama salimini, huku difu inakunywa kila kijito kuanzia Ilagala mpaka Kalya. Ndiyo maana wenye kujua husema, ukivuka maji yaliyofunika ekseli, usingoje kilometa za kitabu. Legeza nati, utazame oili.

Basi kikaja kitendawili cha kununua oili. Dukani makopo yamepangwa kama vitabu, na ukweli ni kwamba yanataka kusomwa kama vitabu. Nilitoa kitabu cha gari ambacho Baba alikihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, nikamsomea fundi, naye akanifafanulia.

Kuna alama mbili za kutazama. Ya kwanza ni uzito: 90, au 80W-90, au 85W-140. Namba ya mwisho ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi ikiwa ya moto. Ile yenye W inaeleza tabia yake kwenye baridi. Sisi baridi ya kuganda hatuijui, kwa hiyo 90 au 80W-90 ndiyo kitabu kilichotaka. Na usidhani 90 ya difu ni nzito mara mbili ya 40 ya injini. Vipimo vyake ni tofauti. 90 ya gia inalingana kwa uzito na 40 au 50 ya injini. Tofauti kubwa iko kwenye dawa iliyotiwa ndani.

Dawa hiyo ndiyo alama ya pili: GL-4 au GL-5. Kwenye difu za namna hii pinioni haikai katikati ya krauni, imeshushwa chini kidogo. Mtindo huo ulianza kuenea kwenye magari miaka ya 1920, kwa sababu unafanya meno yawe na nguvu na mlio uwe mdogo. Lakini una gharama yake. Meno hayabingiriki tu, yanaburuzana, chuma juu ya chuma, kwa mgandamizo wa kutisha. Oili ya kawaida inakamuliwa pale kati na kutoka yote. GL-5 ina dawa za salfa na fosfori ambazo, joto likipanda, hushikana na chuma na kukivika utando mwembamba usiokamulika. Ndizo zinazoipa harufu ile kali ambayo ukimwagikia shati, shati linakuwa la gereji milele. Lakini dawa hizohizo zinaweza kuila shaba, ndiyo maana giaboksi nyingi za zamani, zenye ringi za shaba, hutaka GL-4. Kwa hiyo anayesema "oili ya gia ni oili ya gia" anakuuzia matatizo.

Jambo jingine: baadhi ya magari haya yana difu ya nyuma isiyoruhusu gurudumu moja kuteleza peke yake, nayo hutaka oili iliyoandikiwa kazi hiyo. Kujua si kazi. Zuia magurudumu ya mbele, inua ya nyuma yote mawili na kuyakalisha kwenye stendi, gia ikiwa huru, uzungushe moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, ni difu ya kawaida. Yakifuatana upande mmoja, umepata ile nyingine. Letu lilizunguka kinyume.

Kila difu ilichukua karibu lita tatu. Fundi alitaka ya nyuma ijazwe, gari litembee kidogo, imwagwe tena ili ifue mabaki ya maji, halafu ijazwe mara ya pili. Ukijumlisha ya mbele, lita tisa za oili ya kopo. Baba Mdogo akashika kichwa. Kuna duka moja mjini lilikuwa linauza oili ya kupima kutoka kwenye pipa, bei chini ya nusu. Ni oili gani? "Oili ya gia." Ya namba gani? Muuzaji alikoroga pipa, akanionyesha jinsi inavyonata. Kunata si namba. Mzaha wa Baba Mdogo ukawa kwamba afadhali tutie mawese, tunayo ya bure.

Mzaha huo una historia, bwana. Karne ya 19 huko Uingereza, grisi ya ekseli za mabehewa ya reli ilipikwa kwa mawese, mafuta ya wanyama, magadi na maji. Mawese ya Afrika yalizungusha magurudumu ya Ulaya. Lakini yale yalikuwa mabehewa, si krauni na pinioni. Ndani ya difu mawese yangechacha na kukamuliwa kati ya meno siku ya kwanza.

Wakati tunabishana bei, dalali naye akaja. Ni kijana mchangamfu, tunafahamiana, sitamtaja. Alikuwa na mteja kutoka Kasulu, mfanyabiashara wa maharage. Akasikiliza mlio, akasema mbona kazi ndogo hiyo. Unachukua oili nzito kabisa, unachanganya na grisi, unatia unga wa mbao kopo moja. Wengine hutia hata ndizi mbivu. Difu inanyamaza kimya kama msikitini. Inakaa hivyo wiki mbili, tatu. "Zinatosha," akasema. Kisha akaona daftari.

Daftari hilo lilikuwa la Baba. Kila oili aliyobadilisha, injini, giaboksi, difu, aliiandika: tarehe, kilometa, aina, na mahali. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyeishia darasa la saba, lakini hakuruka mstari. Sisi tunaopenda kuandika tunadhani maandishi lazima yawe hadithi. Mimi nasema maandishi ya kwanza niliyowahi kuyaamini ni yale. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wangu, ulisema: difu nyuma, maji yamekutwa, vipande kwenye sumaku.

"Hii karatasi chana," dalali akasema.

Jioni tukakaa, Mama, Baba Mdogo, mdogo wangu na mimi. Baba Mdogo hakuwa mtu mbaya, na hoja yake ilikuwa na uzito. "Shemeji, mteja akijua, atapunguza milioni. Ukitoa madeni, hiyo milioni ndiyo ada. Na kwa nini tununue oili ya lita tisa kwa ajili ya gari ambalo kesho si letu? Oili hiyo ataifaidi nani?"

Swali hilo lilinikaa kichwani, maana mchana ule fundi alikuwa amenisimulia habari ya Liemba bila kujua kwamba itanifaa. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa hapahapa Kigoma, na kuitwa Graf von Götzen. Julai 1916, vita ilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa. Mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikabeba wajukuu na vitukuu wa watu ambao mafundi wale hawakuwajua. Pengine walitumaini kurudi. Hawakurudi, na grisi ilifanya kazi yake kwa aliyekuja. Nikasema hayo mbele ya Baba Mdogo. Akanijibu kwamba Wajerumani hawakuwa na ada ya kulipa. Tukacheka wote, hata Mama.

Kisha Mama akauliza jambo moja tu: "Hiyo difu ikifa, inafanyaje?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa na fundi. Beringi ya pinioni ikikwama gari likiwa kasi, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga ghafla. Akanyamaza kidogo. "Njia ya Manyovu ile ya milima naijua," akasema. "Na nyuma ya pikapu wanakaa watoto wa watu juu ya magunia. Mwambieni huyo mteja. Na hilo daftari apewe."

Mdogo wangu, ambaye ada ilikuwa yake, akauliza: "Kwani chuo hakipokei kwa awamu?" Kikao kikaishia hapo.

Tulinunua 80W-90, GL-5, makopo yaliyofungwa, kwenye duka lililotupa risiti. Fundi akajaza mpaka oili ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la nati ya juu. Hicho ndicho kipimo, hakuna kijiti. Tukaenda mpaka Mwandiga na kurudi, tukamwaga, ikatoka ya kijivu, tukajaza tena. Akatoa kile kipumulio, akaunga mpira mwembamba na kuupandisha nyuma ya kibini, juu, jirani na mkonga. Mbele akafanya vilevile. Mlio ulipungua, haukuisha. "Oili haioteshi jino lililokwisha," fundi akasema. Nikaandika hayo nayo kwenye daftari, neno kwa neno.

Mteja alikuja. Akafungua boneti, akapiga matairi teke. Baba Mdogo, na hili nampa heshima yake, ndiye aliyemwambia: "Mzee, kabla hujamaliza, difu ya nyuma ina ugonjwa." Akampa daftari. Yule bwana alisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, muda mrefu kuliko aliotazama injini. Kisha akapunguza milioni moja na laki mbili, akalipa, akaondoka nalo polepole. Dalali alichukua chake na kwa miezi kadhaa hakutusalimia. Ada ya mwaka wa kwanza ililipwa kwa awamu tatu, na awamu ya tatu ilitokana na vitenge vya Mama. Mdogo wangu siku hizi ni muuguzi. Usidhani ukweli ulitulipa. Ulitugharimu, na gharama yake naijua mpaka shilingi ya mwisho.

Miaka minne baadaye nililikuta gari lile Mwandiga, limebeba maharage, ule mpira bado umefungwa nyuma ya kibini. Dereva alikuwa kijana nisiyemfahamu. Nikamuuliza habari za difu. Akasema bosi alibadilisha beringi zote na sili mwezi uleule aliolinunua. Akafungua dashibodi kunionyesha, na daftari lilikuwemo. Baada ya mwandiko wa Baba, na baada ya wangu, ulikuwepo mwandiko wa tatu, wa mteremko, wenye haraka. Kurasa sita. Mstari wa mwisho ulisema: difu zote mbili, 80W-90, GL-5, nyuma ya mto, hakuna maji.